Kanyagio

Ilianza kama siafu.
Usiku, chini ya blanketi, vidoleni.
Nikawasha simu, nikakagua shuka:
hapakuwa na kitu,
lakini shuka lenyewe likinigusa
ni kama nimekanyaga jivu la jana
lenye kaa moja lisilolala.

Mchana, kinyume.
Cherehani yangu ya Kadutu, ile ya kukanyaga:
mguu unashuka, kanyagio linashuka,
na mimi kati yao sipo.
Nilishona kwa kusikiliza.
Nilijua nimekanyaga kwa mlio wa gurudumu,
kama aliye ndani ajuavyo mvua kwa bati.
Siku moja ndara ilibaki njiani, kwenye ngazi za udongo,
nikafika sokoni mguu mmoja mtupu.
Mtoto wa muuza sambaza alinicheka,
ndipo nikajua.

Shangazi Nsimire akasema: karuho.
Akamtaja na aliyenipa chai.
Akamtaja na mganga, na bei yake, mbuzi na nusu.
Sijui hiyo nusu huja kwa miguu gani.

Muuguzi Cirhuza hakumtaja mtu.
Alichukua uzi kwenye pindo la kitenge changu,
akaniambia nifumbe macho.
Hapa?
Nikasema, bado hujaanza.
Na hapa?
Nikasema, kaka, anza basi.
Nikafumbua. Uzi ulikuwa umelala juu ya kidole gumba
kama unyasi juu ya jiwe.

Akauliza ninakula nini.
Bugali wa muhogo, na chai.
Samaki? Nyama? Yai?
Watu wakioa, nikasema. Wakioa wanashonesha.
Akauliza dawa za kifua nilimaliza lini.
Miezi sita nilizimeza, sikuruka hata siku.
Na vile vidonge vidogo vya kuandamana nazo?
Vilikuwa vimekwisha stoo. Waliniambia nirudi Jumatatu.
Jumatatu ngapi, sikumbuki.

Akainama, akaandika, akafuta, akaandika.
"Dawa iliyookoa pafu lako
ilikuwa ikikopa kwenye mishipa ya fahamu,
na hakuna aliyelipa."

Kichupa kilikuwa chekundu,
wekundu wa beseni la kwanza
kitenge kipya kinapotoa rangi.
Vitamini B tatu ndani ya bomba moja:
ya kwanza, ya sita, ya kumi na mbili.
Nikauliza, na hizo za katikati zimekwenda wapi?
Akacheka. "Zina kazi zake. Legeza paja."

Iliuma. Niliifurahia ile kuuma,
sehemu moja yangu iliyokuwa bado inasema ukweli.

Jirani Lushombo alisikia, akakimbilia sokoni,
akajinunulia vidonge kwa kiganja kama karanga.
Cirhuza alikuja juu: "Ya sita ikizidi
huunguza mishipa ileile uliyotaka kuiponya.
Na wewe kwanza tupime sukari."
Lushombo akavirudisha mfukoni taratibu,
mtu anayeficha nyoka.

Wiki ya pili, hakuna.
Wiki ya tatu, siafu waliongezeka, nikalia.
Cirhuza akasema huenda ni watu wanaorudi kijijini,
lazima wapige kelele mlangoni.
Huenda, alisema. Hakuapa.
Mshipa hukua polepole kuliko kucha,
na mwingine haurudi.

Leo asubuhi ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani
hadi kwenye kizingiti cha kibanda.
Nilivua ndara, nikaweka unyayo
juu ya kanyagio.
Chuma kilikuwa baridi.

Kilikuwa baridi!
Mama Faida alikuwa amesimama na gauni la ubatizo,
akauliza pindo litakwisha saa ngapi.
Nikamwambia ngoja.
Akauliza ngoja nini.
Sikuweza kumweleza. Nilikaa tu
na baridi yangu.

Kidole kidogo cha kushoto bado hakijajibu.
Kila jioni ninakivutia uzi,
hapa? na hapa?,
ninafumba macho kwa uaminifu,
sichungulii.